Rudia Nisikie

Mtaani wananiita Spika, na sina wa kumlaumu, jina hilo nililitafuta mwenyewe. Ukiwa ng'ambo ya barabara unanunua vocha utanisikia nikimwambia mteja wangu kwamba kidonge ni kimoja mara tatu, amalize dozi, hata akijiona mzima kama ngoma amalize dozi. Mume wangu husema nikipiga chafya nyumbani, mtaa wa pili wananiombea afya. Sauti hii niliionea fahari miaka kumi na sita nikiwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa. Siku hizi nikiisikia imepanda naona haya, nakata maneno katikati, na wateja wasiojua kisa hudhani ninaumwa koo.

Wale niliosoma nao darasa la pili ndio wangeshangaa kusikia ninaitwa Spika. Wao waliniita Gari Bovu. Nilikuwa na kigugumizi kibaya, nikitaka kusema "kalamu" nakwama kwenye "ka" mpaka kengele ya mapumziko inanikuta hapo hapo. Wenzangu waliigiza gari lililogoma kuwaka, mmoja anapiga stata, wawili wanasukuma, darasa linavunjika mbavu. Basi nikaacha kusema. Nilijibu kwa kichwa, ndiyo au hapana, na swali lisilojibika kwa kichwa nilipata sifuri.

Mwalimu wetu wa darasa alikuwa mwembamba, mpole, shati la mikono mirefu siku zote hata jua likiwaka vipi. Hakuwahi kunisimamisha mbele ya wenzangu. Kulikuwa na ubao wa miguu mitatu, ule wa kuhamishwa, umesimamishwa kwenye kona. Wenzangu wakiinamia hesabu zao yeye ananiita nyuma ya ubao ule, anachuchumaa, analeta sikio karibu kabisa na mdomo wangu. "Soma," ananiambia. "Polepole. Mimi sina haraka." Nikikwama ananyamaza. Hakunimalizia neno hata siku moja. Nikifika mwisho wa sentensi anasema kwa sauti ndogo ile ile, "Rudia nisikie," na mara ya pili maneno yanatoka mepesi kidogo.

Siku moja kiherehere mmoja akachungulia. "Mwalimu, huyu anafanya nini huko nyuma?"

"Tunahesabu chaki," Mwalimu akajibu bila kupepesa macho.

Mwaka mzima tukahesabu chaki. Darasa zima liliamini, na wapo walionionea wivu kwa kupewa cheo hicho. Nilipofika darasa la nne nilisoma risala mbele ya shule nzima, na tangu siku hiyo sijafunga mdomo.

Sasa nije kwenye duka. Limebanwa kati ya kinyozi na fundi wa kuchomelea mageti. Mwenye leseni ni mfamasia, mama mmoja mkimya, miwani juu ya paji la uso, asiyependa kurudia jambo mara mbili. Mwaka wangu wa pili pale, mzazi mmoja alimpa mwanawe dawa ya kikohozi kwa kijiko kikubwa cha kupakulia, kwa sababu mimi nilimwambia "kijiko kimoja" nikaishia hapo. Mtoto alilala kutwa nzima hashtuki. Mungu saidia, aliamka salama. Kesho yake Mfamasia akaandika utaratibu kwa mkono wake na kuubandika ukutani: mteja apelekwe pembeni, aelezwe kwa sauti ya chini, arudie maelekezo kwa mdomo wake, muuzaji asikilize, ndipo mteja aruhusiwe kuondoka.

Pembeni palikuwepo kweli, kona yenye pazia, viti viwili na kimeza. Lakini ilipoletwa shehena ya nepi na sisi hatuna pa kuiweka, nikasema tuiweke pale kwa muda. Muda huo ulifika miaka mitatu. Na kwa kuwa jirani yetu fundi hukata vyuma tangu asubuhi, sauti ya chini nayo nikaona haina kazi. Kwenye ule utaratibu kikabaki kipengele kimoja tu, cha kurudia, na hicho nikakifanya mchezo wangu. "Rudia nisikie!" nilisema, kwa sauti ya kusikika barabarani, na mteja anarudia huku foleni inasikiliza. Akikosea tunacheka, akipatia tunamsifu. Watoto waliokuwa wakipita walinijibu kutoka nje, "Rudia nisikie!" Nilijiona mtu wa maana sana.

Daftari letu la dawa lina safu ya mwisho iliyoandikwa "Amerudia?" na hapo unaweka alama ya vema. Nisikufiche, mara nyingi niliiweka vema hiyo kabla mteja hajafungua mdomo.

Mwalimu wangu alikuwa mteja wetu wa kila mwezi. Alikwishastaafu, ana presha, na kadi yake ilikaa kwenye kisanduku cha mbao pamoja na za wenzake. Upande wa kushoto ni wale ambao hawajachukua dawa za mwezi, upande wa kulia ni waliokwisha kuchukua. Alikuja siku zile zile, kofia kichwani, ananiita "mwanangu" mbele ya watu, na akiondoka lazima aseme, "Ubarikiwe." Niliringa mno kwamba Mwalimu hanunui dawa kwingine.

Jumatatu hiyo foleni ilifika mlangoni. Mwalimu akafika kaunta na cheti kipya cha daktari kilichokunjwa mara nne, akakipitisha chini ya kioo huku ameegemea mbele, mkono wake umekifunika. Mtu mwenye akili zake angeusoma mkono ule kabla ya kusoma cheti. Mimi nikakikunjua, nikakinyoosha, nikakiinua juu kwenye mwanga.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu."

"Ehee, leo kuna mpya! Hii ni ya tezi. Ni ule mkojo wa kutoka matone matone, siyo?"

Mwalimu akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Nipe tu," akasema. "Nitasoma mwenyewe nyumbani."

"Aa, hakuna cha nitasoma hapa! Utaratibu ni utaratibu." Nikaandika kwenye bahasha huku nikitangaza ninachoandika. "Dawa ya tezi. Kimoja kwa siku. Jioni. Baada ya kula. Na ukiwa umekaa au umelala usisimame ghafla, kinaleta kizunguzungu, hasa wewe unayemeza na za presha. Haya, Mwalimu, rudia nisikie!"

Nyuma yake alisimama fundi wa kuchomelea, aliyekuja kununua dawa ya macho. Mtu huyo hana jambo lisilo na utani. "Jamani, leo mambo yamegeuka!" akasema. "Mwalimu ndiye anayeulizwa swali! Akikosa asimame nje kwa mguu mmoja!"

Foleni ikaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika kaunta, nikamwambia, "Usiogope, Mwalimu, jibu!"

Alikuwa anaitazama kofia yake. "Kimoja," akasema upesi upesi. "Asubuhi. Na nisisimame ghafla."

"Vizuri sana! Mpigieni makofi!"

Wakapiga. Mwalimu akachukua bahasha, akavaa kofia, akapita katikati yao kuelekea mlangoni. Hakusema ubarikiwe. Nami nikaita, "Anayefuata!"

Wakati huo vema ilikuwa imekwisha kukaa kwenye daftari. Mtu asinitetee kwamba duka lilikuwa na kelele, kwa maana fundi alikuwa pale pale kwenye foleni na mashine yake imezimwa. Masikio yangu yalisikia "asubuhi" vizuri kabisa. Nilikuwa nimeshughulika na makofi.

Jioni wakati wa kufunga ni zamu yangu kumwaga ndoo ya taka inayokaa nje ya mlango. Juu kabisa, juu ya maganda na karatasi za pipi, nikaona mwandiko wangu. Ilikuwa bahasha ya Mwalimu, imechanwa vipande viwili, pamoja na boksi la dawa lililokunjwa. Alikuwa ametoa vidonge, akatia mfukoni vikiwa peke yake, na vilivyobaki akavitupa hatua mbili kutoka kwangu. Nikaelewa mara moja. Hakutaka mtu yeyote nyumbani kwake asome neno "tezi". Kisha nikaelewa jambo la pili. Maelekezo yote niliyoandika yalikuwa mkononi mwangu, na yeye alikuwa ameondoka na yale ya mdomoni mwake tu, na mdomo wake ulisema asubuhi.

Namba yake ya simu iko kwenye kadi. Simu ya duka ilikuwa kwenye chaji, hatua tatu kutoka niliposimama. Ningesema, Mwalimu, samahani, ni jioni, si asubuhi, basi. Nilikwenda nikaichukua ile simu. Halafu nikawaza nitaanzaje. Ningelazimika kusema nimeikuta bahasha, maana yake najua kwa nini ameitupa, maana yake najua nilichomfanyia, kwamba nilimvua nguo mbele ya watu na kuwaomba wapige makofi. Nikairudisha simu kwenye chaji. Nikajiambia huyu ni msomi, atakumbuka mwenyewe. Nikajiambia mwezi ujao akija nitamweleza polepole. Kisha nikaichana ile bahasha vipande vidogo kuliko alivyoichana yeye, nikavitia kwenye mfuko wa taka na kuufunga mafundo mawili. Usiku huo nilikula vizuri na kulala vizuri, na nalisema hili kwa sababu watu hupenda kudhani mwenye kosa hakosi kukosa usingizi.

Mwezi ukaisha. Kadi zote zikarudishwa kushoto, na yake ikabaki huko. Wiki ya kwanza nikasema atakuwa amesafiri. Wiki ya pili nikaanza kuisukuma nyuma ya kadi nyingine ili nisiione nikifungua kisanduku. Mtu mzima wa umri wangu, najifichia kadi!

Aliyekuja ni mkewe. Ni mama mnene, mcheshi, asiyejua kusema jambo kwa sauti ya chini, na kwa hilo tulikuwa tunaelewana siku zote. Siku hiyo hakuwa na mzaha.

"Mzee wangu kaanguka," akaniambia. "Asubuhi, mlangoni mwa bafu. Kaamka, kameza madawa yake, kakaa kitandani kidogo, kasimama, namsikia puu! Mkono umevunjika hapa." Akanionyesha kiwiko hadi kiganja. "Wiki ya pili sasa ana plasta."

"Pole, Mama," nikasema.

"Na hataki kusikia habari ya kuja hapa. Za presha zimekwisha, nikimuuliza anasema ataagiza kwingine. Haagizi! Leo nimeamua kuja mwenyewe, akasirike atakavyo." Akafungua pochi, akatoa kitu, akakiweka juu ya kaunta mbele ya watu wanne. "Halafu niambie, hivi ni vya nini? Nimevikuta ndani ya soksi zake. Yeye anasema ni vitamini. Vitamini gani ya kufichwa kwenye soksi?"

Vilikuwa vile vile. Mtu wa nyuma yake akanyoosha shingo. Nikavifunika kwa kiganja kabla sijajua ninafanya nini.

"Mama, hivi nitaongea naye mwenyewe."

"Eti?"

"Ni dawa yake, Mama. Nitakuja nyumbani nimwelekeze yeye."

"Leo una mafua? Sikusikii kabisa," akasema. Kisha akanitazama usoni, akachukua za presha na vile vidonge, akaondoka bila kuuliza tena.

Nikaingia chumba cha ndani kwa Mfamasia. Nikamweleza nusu. Nilisema mteja alikosea saa ya kumeza, akapata kizunguzungu, akaanguka. Ya makofi sikusema, ya bahasha sikusema. Yeye akateremsha miwani, akafungua daftari, akaipitisha kalamu mpaka kwenye siku ile na jina lile.

"Alama ipo," akasema. "Ulimweleza, akarudia, ukasikia. Duka halina kosa. Mpelekee pole."

"Sawa," nikasema.

Nilipumua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote niliyokwisha kueleza. Mzee aliyenifundisha kusema amevunjika mkono, na mimi nimesimama pale ninapumua kwa sababu ya alama ya kalamu niliyoiweka bila hata kuangalia. Siku kadhaa baadaye niliifungua safu ile na kuandika pembeni ya vema, "Alirudia vibaya, nikacheka," nikamwonyesha Mfamasia, nikamweleza na ile nusu nyingine. Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu aliniita, tukahamisha nepi zote kutoka kwenye kona, mimi na yeye, boksi moja moja. Lakini hayo ni ya baadaye, na ni rahisi kuyasema. Kwanza ilinibidi niende kwa Mwalimu.

Nilikwenda Jumamosi mchana baada ya zamu. Sebule yao ni ndogo, kabati la vitabu limejaa ukuta mzima, redio imefunikwa kitambaa. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha mikono, mkono wa plasta umelazwa juu ya mto, ule mkono wake wa kuandikia. Vidole vilivyochomoza vilikuwa vimevimba. Shati lilikuwa la mikono mirefu, na mmoja ulikuwa umekatwa kwa mkasi kupisha plasta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Bado mwanangu. Ningependa angenifukuza. Mkewe akasema anabandika chai, akaenda jikoni, tukabaki wawili na mlio wa saa ya ukutani. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, mazuri, yamepangika, yote yakaniruka.

Nikavuta kigoda mpaka kwenye goti lake, nikainama, nikaleta mdomo karibu na sikio lake. Sikuwa nimeongea kwa sauti ndogo vile tangu darasa la pili. "Zile nyingine, Mwalimu," nikasema, "ni za jioni. Baada ya kula. Asubuhi zinakutana na za presha, tumbo halina kitu, presha inashuka ghafla, ndiyo maana ulianguka."

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti hiyo hiyo, "Kimoja. Jioni. Baada ya kula. Nisisimame ghafla."

"Vizuri, Mwalimu."

"Hata siku ile uliniambia vizuri."

Hakusema kwa hasira. Aliniambia tu, kama mtu anayekukumbusha ulipoacha mwavuli wako. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Nikafungua mdomo nimwambie ya bahasha, na neno likakwama. "Ba," nikasema. "Ba. Ba." Zaidi ya miaka thelathini lilikuwa halijanipata jambo hilo. Uso ukaniwaka moto. Mwalimu alikuwa anajua fika ninakoelekea, nina hakika alijua, ila hakunimalizia neno. Alinyamaza, akangoja.

"Bahasha niliiona," nikasema mwishowe. "Jioni ile ile. Kwenye ndoo."

"Na namba yangu mnayo pale."

"Tunayo, Mwalimu. Na simu niliishika mkononi."

Nilingoja anigombeze. Nilitaka sana anigombeze. Yeye akavigusa vile vidole vilivyovimba, kimoja kimoja, kama vile si vyake. "Nilipofika mlangoni tu nilijua nimekosea jibu," akasema. "Nilisimama pale nje. Nikasema nirudi nikuulize. Nikawatazama wale watu, nikaona siwezi kuingia tena mle ndani."

Machozi yalikuwa yananitoka, na sikuwa hata na haki ya kulia mbele ya mtu yule. Nilikuwa bado nimeinama kwenye sikio lake mkewe alipoingia na sinia la chai, akasimama katikati ya sebule akitutazama.

"Nyie wawili mnanong'ona nini kama wezi?"

Mwalimu hakupepesa macho.

"Tunahesabu chaki," akasema.

"Chaki! Jamani, zile vitamini zimempanda kichwani," mkewe akasema akicheka, akaanza kumimina chai. Akanipa kikombe cha kwanza. Nikakipokea kwa mikono miwili na kukiinamia, kwa sababu sikuwa na uso wa kumtazama mtu yeyote mle ndani.